Fumbo Lililogeuzwa Siri: Riwaya ya Upelelezi na Simulizi ya Kanisa, Ikitazamwa Kutoka Kivukoni

Katika Kiswahili, fumbo na siri havikuzaliwa tumbo moja, ijapokuwa watu huvitaja pamoja. Siri ni jambo lililofichwa na mtu. Aliyelificha anajulikana, au anaweza kujulikana, na siku litakapofichuka halitakuwa siri tena. Fumbo halifichwi. Husemwa hadharani, mbele ya kadamnasi, na wanaolisikia hugawanyika kwa kadiri ya akili zao, ndiyo maana wahenga wakanena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Malenga wa mwambao wameishi kwa tofauti hiyo tangu enzi. Padri wa Ifakara naye, akisha kukiinua kikombe altareni, hutamka maneno “Fumbo la imani”, na waumini wakamwitikia. Hasemi siri ya imani. Waliofasiri misale ya Kikatoliki walilichukua neno la washairi. Wenzao waliotayarisha Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo husomwa na Waprotestanti wengi wa Afrika Mashariki, walikwenda njia nyingine: penye neno la Kigiriki mysterion wao mara nyingi wameandika siri.

Hitilafu hii ndogo ya wafasiri yafaa kuwa mlango wa kulitazamia jambo kubwa zaidi, nalo ni ugomvi baina ya riwaya pendwa za upelelezi na simulizi za Kikristo kama zilivyorithishwa na makanisa. Ugomvi huo husimuliwa kana kwamba ni wa Paris na Roma peke yake. Hali ya kuwa ukitazamwa kutoka bonde la Kilombero, ambako misheni, hospitali, maabara na uganga vimekaa jirani kwa miaka mingi, huonekana una mizizi ambayo wabishani wa Ulaya hawakuihesabu.

Kivukoni ni pale mji wa Ifakara unapokutana na mto. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2018, kila aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi ilimlazimu kuvuka kwa pantoni, na kabla ya kuvuka ilimlazimu kungoja. Mto ukifurika alingoja zaidi. Kituo cha TAZARA, reli iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, ni mahali pengine pa kungoja katika mji huo huo. Na riwaya ya upelelezi, apende asipende mhakiki wa vyuo vikuu, ni kitabu cha mahali pa kungoja. Haikuandikwa kwa ajili ya rafu. Iliandikwa ikunjwe, itiwe mfuko wa nyuma wa suruali, iazimwe, ipoteze jalada, kisha ipoteze na kurasa za mwisho, hata atakayeipata wa sita au wa saba amalizie kwa kumuuliza aliyeisoma kabla yake ni nani hasa aliyeua.

Njia za kitabu cha kigeni kufika mahali kama hapo si ngumu kuzidhania: wageni wa hospitali na wa taasisi ya utafiti, wanafunzi waliorudi likizo kutoka Dar es Salaam, abiria wa treni. Riwaya ya Mmarekani Dan Brown, The Da Vinci Code, ilichapishwa mwaka 2003, na filamu yake iliyoongozwa na Ron Howard ilitoka mwaka 2006. Kisa chake chaanza na maiti. Mtunza makumbusho wa Louvre, Jacques Saunière, auawa usiku ndani ya jumba la picha. Mwalimu wa Harvard, Robert Langdon, na mjukuu wa marehemu, Sophie Neveu, wafuata alama alizoziacha. Alama hizo zawapeleka kwenye dai kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena, kwamba uzao wao ungali hai, na kwamba kikombe kitakatifu kilichotafutwa na mashujaa wa Ulaya hakikuwa kikombe bali mwanamke huyo. Kanisa, kwa mujibu wa riwaya, lilijua yote na likayaficha. Mwezi Machi 2005 Kardinali Tarcisio Bertone, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Genoa, aliwahimiza Wakatoliki wasikinunue kitabu hicho wala wasikisome. Muuza vitabu yeyote angeweza kumweleza matokeo ya nasaha kama hiyo.

Makosa ya Brown yamekwisha kuhesabiwa na wengi, na haina haja kuyarudia yote. Jumuiya ya siri anayoipa umri wa karne nyingi ilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard, na nyaraka za kuitukuza zilikuwa za kughushi. Mtaguso wa Nikea, uliokutana mwaka 325, haukukaa kuchagua vitabu vya Biblia. Wala haukuupigia kura ya kubanana uungu wa Yesu, kama anavyodai mmoja wa wahusika wake. Ulibishana na mafundisho ya Ario juu ya namna Mwana anavyohusiana na Baba, na katika mamia ya maaskofu waliokuwapo ni wawili tu waliokataa hadi mwisho kuitia sahihi kanuni ya imani. Opus Dei haina watawa wa majoho wanaotembea usiku na bastola. Msomaji wa Nairobi anaijua kwa kazi tofauti kabisa, kwani watu wake walifika Kenya mwaka 1958, na chuo cha Strathmore kilichotokana na juhudi zao kilifunguliwa mwaka 1961.

Atakayesema kuwa riwaya ina haki ya kubuni atakuwa amesema kweli. Bali Brown hakujikinga kwa haki hiyo. Kabla ya kisa kuanza aliweka ukurasa wa kumthibitishia msomaji kuwa maelezo ya sanaa, majengo, nyaraka na ibada za siri yaliyomo kitabuni ni sahihi. Mbunifu aliyevaa kanzu ya shahidi huulizwa maswali ya shahidi.

Palipo na uzito wa kweli ni katika kipande kimoja cha maandishi ya kale, na hapo kazi ya mfasiri yaingia moja kwa moja. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi katika Misri ya Juu, yalipatikana mabuku ya mafunjo yaliyoandikwa kwa Kikopti, na miongoni mwao mna andiko liitwalo Injili ya Filipo. Andiko hilo linamtaja Maria Magdalena kwa neno lililoazimwa kutoka Kigiriki, koinonos, na linasema kwamba Mwokozi alikuwa akimbusu. Pale ambapo ingesomeka alimbusu wapi, funjo limeliwa. Pana tundu. Brown, kwa kinywa cha mhusika wake, hulijaza tundu hilo bila ya kumwambia msomaji kuwa lilikuwapo, kisha hudai kwamba neno la Kiaramu lililotumika maana yake ni mke. Andiko si la Kiaramu.

Anayefasiri koinonos kwa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Lugha inampa mwenzi. Mwenzi aweza kuwa mke au mume, na katika hotuba za harusi ndiyo maana ya kwanza. Aweza kuwa msafiri wa njia moja, mshirika wa kazi, mtu wa rika. Mwanamke wa Kivukoni akisema “mwenzangu kanitoka”, aliye karibu naye hujua kutokana na sauti na siku kama amefiwa na mume au na shoga yake wa kulima naye mpunga. Aliye mbali hajui. Kwa hiyo mfasiri mwaminifu huandika mwenzi na kuliacha neno libebe mashaka yake yote, na penye tundu huacha tundu. Brown alitenda kinyume cha hayo. Alilichukua andiko lililosema kwa fumbo akalitendea kama barua iliyoibwa, yenye habari moja tu ndani yake, inayongoja mtu wa kuichana bahasha. Hili ndilo kosa lake kubwa la kifasihi, na linayapita ya tarehe na majina.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kumnyima haki yake. Maria Magdalena alisingiziwa. Hakuna Injili katika zile nne inayomwita kahaba. Papa Gregori Mkuu ndiye aliyemuunganisha katika mahubiri, mwaka 591, na mwanamke mwenye dhambi asiyetajwa jina, na kwa karne nyingi picha na mawaidha ya Magharibi vikamwonyesha akilia uchi chini ya nywele zake. Katika Injili ya Yohana yeye ndiye wa kwanza kumwona Mfufuka na kutumwa awapashe habari wanaume. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, sawa na za Mitume. Magdalena ni jina la ubatizo lililozoeleka Tanzania bara, na wako mabibi waliolibeba maisha yao yote huku wakisikia kanisani kwamba somo wao alikuwa malaya aliyetubu. Riwaya ya kituo cha treni ililitangaza dai la mwanamke huyo kwa watu wengi kuliko walimu wa teolojia walivyoweza, ingawa ililitangaza kwa kulitia chumvi. Tena, ikimwondolea ukahaba, yampa cheo cha mke na mama wa watoto, kana kwamba utume peke yake usingemtosha.

Lakini mtindo wenyewe wa kufumua, wa kusema nyuma ya kitakatifu pana mkono wa mtu, bonde la Kilombero liliupata wapi? Halikuupata kwa Brown. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walifungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye vita vya Maji Maji vikafika hapo hapo, na wapiganaji wakaiendea boma ya Mahenge wakiwa wamenyunyiziwa maji yaliyoahidi kugeuza risasi za Wajerumani. Kuanzia mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakashika eneo hilo. Wote hao walihubiri fumbo la maji yao wenyewe ya ubatizo, na papo hapo wakayafunua maji ya wengine kuwa ni ulaghai. Mzimu, walifundisha, hauna nguvu. Aliye na nguvu ni mzee anayepokea kuku wa tambiko. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy akaanzisha Ifakara maabara ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki, na mafundisho hayo yakapata hadubini: homa ina msababishaji, naye ni papasi, au mbung'o, au mbu, hupatikana akitafutwa na huonyeshwa chini ya kioo. Misheni na maabara hazikuwa kitu kimoja, wala hazikukusudia kuwafundisha watu kusoma riwaya. Ila zilizoesha kizazi kizima swali la mpelelezi.

Na hapa kisiwa kina sehemu yake. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya 1957–58, yaanza na mtu aliyekutwa amekufa mzimuni. Wanakijiji wana jawabu tayari, na jawabu hilo ni mzimu wenyewe. Bwana Msa, akiwa na kiko chake, hakubishana nao juu ya itikadi; alitazama, akauliza, akapima, akamtoa muuaji miongoni mwa walio hai. Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa idara ya afya kabla hajawa mhariri wa magazeti, na mtu aliyezoea kukagua vidimbwi vya maji ili kuona mbu anazaliwa wapi hawezi kuridhika na jawabu la mzimu. Mmisionari yeyote wa Kwiro angelikipenda kitabu hicho. Mwalimu wa skuli ya misheni angeliweza kuwasomea wanafunzi bila ya kubadilisha neno.

Shida ni kwamba koleo likishatengenezwa halichagui msumari. Aliyefurahi Bwana Msa alipomtoa mtu nyuma ya mzimu hana hoja ya kumkataza mwingine asichungulie nyuma ya altare. Brown anauliza swali lile lile alilofundishwa kuuliza Mndamba na Mpogoro juu ya matambiko yao: ni nani anayenufaika na ibada hii, na ameficha nini? Kanisa likilalamika kwamba fumbo lake limetendewa kama siri, limelalamika kwa haki. Mzee wa tambiko alilalamika vivyo hivyo, na hakuna aliyeandika malalamiko yake. Tofauti iliyopo ni ya adabu ya mpelelezi. Bwana Msa huthibitisha kifo kimoja na kurudi nyumbani. Hadai kuifunga hesabu ya mizimu yote duniani. Langdon na wenzake hutaka maiti moja ya Louvre iwafungulie miaka elfu mbili.

Bonde lenyewe lina njia ya tatu, na yastaajabisha kuwa wahakiki wa riwaya hawaitazami. Kwa miaka mingi watu wa Ulanga na Kilombero wanaoshutumiana uchawi wamekuwa wakienda kwa mganga, hasa Ihowanja, kunyolewa nywele na kupewa dawa. Mwanaanthropolojia Maia Green aliyaeleza hayo katika kitabu cha mwaka 2003, akionyesha kwamba wengi wa wanaonyolewa ni Wakatoliki, ambao hurudi parokiani kwao. Jambo la kuangaliwa ni hili: hunyolewa mshutumiwa, na hunyolewa mshutumu pia. Baada ya hapo wote wawili hupanda gari moja kurudi kijijini. Haifai kulipamba jambo hili, kwa sababu wapo wanaopelekwa kwa kushurutishwa, na fedheha ya kutajwa haiishi na wembe. Ila kwa upande wa usimulizi ni kisa cha upelelezi kisicho na ukurasa wa mwisho. Siri imetajwa, ikanyolewa, na hakuna aliyetiwa pingu. Maungamo ya Kikatoliki nayo ni kisa kisicho na ukurasa huo, kwani padri hubaki na siri ya mwungamaji hadi kaburini. Mpelelezi wa riwaya ndiye peke yake anayedai jina la mkosaji litajwe mbele ya wote chumbani.

Kwa kulitazama hilo, changamoto ya riwaya za Kiswahili kwa simulizi ya Kikristo yaonekana kuwa nyingine kabisa na ile ya Brown. Elvis Musiba na Ben Mtobwa hawakugombana na Injili. Yesu alioa au hakuoa, Willy Gamba hana habari. Yuko Nairobi anatafuta nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Joram Kiango wa Mtobwa naye ana kazi na mawakala wa Makaburu. Lakini tazama Mtobwa alivyoyapa majina masimulizi yake: Salamu Toka Kuzimu, Malaika wa Shetani, Tutarudi na Roho Zetu. Ni msamiati wa katekisimu uliohamishwa. Kuzimu pamekuwa mahali panapotuma salamu, malaika amepata mwajiri mwingine, na roho ni kitu ambacho mtu aweza kwenda nacho kazini na kushindwa kurudi nacho. Hakuna kejeli ndani yake. Msomaji aliyelelewa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza huyatambua maneno hayo na kuyafuata bila ya kujiona amekufuru.

Kilichohamishwa zaidi ya maneno ni hukumu. Simulizi ya Kikristo humtaka mdhulumiwa angoje. Wenye haki watalipwa na waovu watatengwa siku ya mwisho, na ngano na magugu vyaachwa vikue pamoja hadi mavuno. Riwaya ya upelelezi haiwezi kungoja mavuno. Katika miaka ya 1970 na 1980 swali hilo halikuwa la vitabuni tu mkoani Morogoro. Ifakara iko mkoa ule ule wenye Mazimbu, ambako chama cha ANC kilijenga chuo cha Solomon Mahlangu kuanzia mwaka 1978, na vijana waliokimbia risasi za Soweto walionekana sokoni kwa macho. Kumwambia msomaji wa wakati huo kwamba Kaburu ataona cha moto siku ya kiama kulikuwa kumpa neno la kweli lisilotosha. Willy Gamba alimpa lililotosha kwa kurasa mia na kitu. Mafanikio ya Musiba yana uhusiano mdogo na ufundi wake wa lugha, ambao ni wa wastani. Yametokana na kuileta karibu siku ya hukumu.

Aliyelitikisa Kanisa kwa nguvu kuliko hao wote hakuandika upelelezi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, imebeba katika jina lake sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania, na ikampa jina hilo binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi, akaharibikiwa, akajiua. Kezilahabi alipitia seminari, alijua alichokishika. Kitabu kilipigwa marufuku maskulini, kikasomwa chini ya madawati kama vinavyosomwa vya upelelezi, na baadaye kikaingizwa katika mitaala. Hakina siri yoyote ya kufichua. Kila jirani anajua kilichompata Rosa, na ni hilo linalouma. Kwenye kurasa za mwisho wafu wanasimama mbele ya Mungu, na swali la nani alaumiwe linaachwa mikononi mwa msomaji akiwa amekosa raha. Msomaji ambaye Brown humpeleka nyumbani akiwa na jawabu, Kezilahabi humwacha njiani. Yule wa pili ndiye aliyeliheshimu fumbo, ijapokuwa ndiye aliyepigwa marufuku.

Visiwani na Dar es Salaam palikuwa na jamaa walioipokea riwaya ya Brown kwa furaha ya jirani anayetazama moto wa nyumba ya pili. Tangu mihadhara ya kulinganisha dini ya miaka ya 1980, hoja ya kwamba uungu wa Yesu ulitungwa mkutanoni imekuwa silaha inayopendwa. Furaha hiyo ni ya pupa. Yesu wa Brown, mwenye mke na kizazi cha kifalme kilichojificha Ufaransa, si Isa bin Maryam wa Qur'ani hata kidogo, na koleo linalong'oa misumari ya Nikea halitaheshimu msumari wa mtu mwingine.

Limebaki jambo ambalo msomaji wa Tanzania huliona kabla ya Nikea na Magdalena, na ambalo wabishani wa Ulaya walilipita haraka. Muuaji wa Louvre, Silas, ana ualbino. Brown amempa ngozi nyeupe, macho mekundu na risasi zisizokosa shabaha, hali ya kuwa watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Filamu ilipotoka mwaka 2006, jumuiya yao ya Marekani ililalamika kwamba wamechoshwa na kufanywa majini ya sinema. Mwaka uliofuata mauaji ya watu wenye ualbino yakaanza kujulikana kwa mapana Tanzania, wakikatwa viungo kwa imani kuwa huleta utajiri, na ikisemwa juu yao kwamba hawafi bali hutoweka. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwenye ualbino akiingia Bungeni wakati wenzake wanafichwa majumbani. Brown hakusababisha hayo, na kumtwika damu hiyo kungekuwa dhuluma. Lakini riwaya iliyojitwisha kazi ya kumsafisha mwanamke mmoja na masingizio ya mahubiri ya mwaka 591 iliifanya kazi hiyo kwa kuazima masingizio mengine. Kisa kinachogeuza kila fumbo kuwa siri lazima kimpate mkosaji, na kinapomhitaji kwa haraka humchukua yule ambaye macho ya watu yalikwisha kumshuku: bibi kizee mwenye macho mekundu, mgeni, mtu wa rangi isiyozoeleka. Mganga wa Ihowanja, kwa wembe wake, angalau angemnyoa na mshutumu.

Atakayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili atakutana na Silas mapema, katika utangulizi wa riwaya, kabla ya kumfikia Magdalena. Hapo itamlazimu kuchagua. Zeruzeru ndilo neno ambalo msomaji wa Kivukoni wa mwaka 2003 angelipewa bila ya mtu kushtuka. Mtu mwenye ualbino ndilo neno la leo, refu, lenye kumtaja mtu kwanza. Kwa neno la kwanza sentensi inakwenda mbio kama Mmarekani alivyotaka, na muuaji anatambulika kwa rangi kabla hajafyatua bastola. Kwa la pili sentensi inakwama, na msomaji, akiwa bado anangoja zamu yake ya kuvuka, anapata nafasi ya kuuliza rangi imetajwa ya nini.